Benchi la Mzee Waithaka

Benchi la nyuma katika kanisa letu la Riruta halina pa kuegemea, na hilo si kosa la fundi. Mzee Waithaka ndiye aliyeagiza litengenezwe hivyo, enzi zake akiwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alisema mwenye dhambi hakuja kupumzika. Aliyeanguka alikalishwa pale, asiguse Meza ya Bwana, mpaka asimame mbele ya watu aseme ametubu na ameacha. Waliolalamika mgongo unauma aliwaambia hiyo ni dalili nzuri.

Basi, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mpwa wake alifanya harusi Karen, kwenye bustani ya watu wenye nafasi, na Waithaka akapewa kazi ya kubariki chakula. Akabariki chakula, akabariki na kinywaji, kisha akakinywa. Akina mama wa kanisa walimkuta ameketi juu ya meza ya keki akiimba wimbo usiokuwemo katika kitabu chochote cha tenzi. Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake.

Alikaa kando ya Everlyn, msichana ambaye yeye mwenyewe alimweka pale alipopata mimba kabla ya ndoa, na ambaye hakuwahi kupata ujasiri wa kusimama mbele. Mtoto sasa alikuwa anatambaa chini ya benchi. Everlyn hakumcheka. Alisogea tu.

"Mzee, kaa huku mwisho," akamwambia. "Unaweza kuegemea ukuta."

Miezi ikapita, Pasta Mwendwa akatangaza kwamba Jumapili ya Meza, Waithaka atarudishwa. Mzee wa watu hakutaka kingine duniani ila kile kipande cha mkate na kile kikombe kidogo cha juisi. Halafu Alhamisi, akitoka Ngara kwenye kibanda chake cha viatu vya mitumba, akapitia mahali kidogo tu. Hicho kidogo hakikuisha.

Mkewe Virginia alikuwa amesafiri kumwona mama yake. Ijumaa Waithaka aliamka kitandani kichwa kikimgonga, na viatu vyake viko chini vimepangwa sawasawa, matope yote ya Riruta yamefutwa. Alijipongeza. Hata akilewa, mtu wa viatu ni mtu wa viatu. Kisha akaikumbuka Jumapili, akajifunika blanketi mpaka utosini kwa aibu.

Jumapili Pasta akamwita. Waithaka hakuinuka. Angeweza kwenda mbele akasema ameacha, na nani angejua? Lakini miguu ilikataa. Kanisa zima likageuka kumtazama. Pasta akachukua sinia la mkate, akashuka mwenyewe mpaka nyuma.

"Mzee, nimekuita."

"Pasta, usinipe," Waithaka akanong'ona. "Sijaacha. Alhamisi nilianguka tena."

"Najua."

"Nani amekuambia?"

"Ulianguka kwa mtaro ulio mbele ya geti langu," Pasta akasema, bila kupandisha sauti. "Ama ulidhani hivyo viatu vilijisafisha?"

Waithaka akavitazama viatu vyake.

"Na bado umeniita?"

"Mzee, Mungu hakukupenda kwa sababu ya cheo chako hapa, na hatakuacha kwa sababu ya mtaro. Tukingoja walioacha dhambi, sinia hili litarudi jikoni limejaa. Hata mimi sitakula. Chukua."

Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakuyafuta. Akachukua mkate. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote aliyokuwa mzee wa kanisa, akauinua mkono kumwonyesha Pasta kwamba sinia linageuzwa hapo, lisiende mbali zaidi.

Mkono ukabaki hewani. Everlyn alikuwa amempakata mtoto wake, anamfunga kifungo cha shati ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Hakuinua macho. Alishazoea kurukwa.

Waithaka akalipokea sinia kutoka kwa Pasta, akamgeukia.

"Chukua, mama," akamwambia. "Ni mimi niliyekuchelewesha."