Anayekuja Akiitwa

Paka hakuwa wa Fundi, na paka mwenyewe alihakikisha jambo hilo halisahauliki. Alikuwa wa mke wake. Mke ndiye aliyemwokota chini ya ua wa bustani angali mdogo wa kutosha kiganjani, akamlea, akamwita Mheshimiwa kwa kuwa hakuwa na kazi yoyote nyumbani isipokuwa kukagua. Tangu mke azikwe, Mheshimiwa alihamia bustanini moja kwa moja. Ndani haingii. Chakula anakula, lakini mpaka Fundi aweke sahani kwenye ngazi, arudi jikoni na afunge mlango. Ndipo anatoka chini ya ua, anakula, anaondoka zake, kama mtu anayekula hotelini asikotaka kufahamiana na mtu.

Fundi alijaribu kila njia. Alisema pusi pusi. Alisema nyau nyau, akaona haya. Alipiga mluzi, ukatoka upepo mtupu. Ni mtu wa midomo iliyofungwa, Fundi. Umri wake wote alishona suti na magauni ya maharusi, na wakati wote huo pini zilikaa midomoni, mteja akiuliza kitu anajibiwa kwa pua. Baada ya mazishi, macho yalipoanza kugombana na uzi, aliacha kushona, lakini midomo haikupata habari. Mke wake alizoea kumtania kwamba siku akifungua mdomo vizuri, watu watamiminikiwa na pini.

Sasa hapakuwa na wa kumtania. Cherehani ilikaa chumba cha mbele imefunikwa shuka, na nyumba ilipoa hadi saa ya ukutani ikawa ndiyo mwenye maneno mengi. Alichotaka Fundi hakikuwa kikubwa. Alitaka afungue mlango wa nyuma, aite, na kiumbe kimoja kije. Basi.

Alilitamka hilo mbele ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye huja kumjulia hali na kumfulia mapazia asiyoombwa kufua. Shemeji ana mdomo. Hakumpa nafasi hata ya kujuta.

"Unataka wa kukujia ukiita? Fuga kuku, shemeji. Kuku ukimwita anakuja hata kama hakupendi."

"Kuna paka."

"Paka gani? Huyo anayekupa mgongo?"

"Bustani ni yake. Siwezi kumletea ugomvi kwake."

Shemeji alikung'uta pazia, akalitundika kambani. "Dada aliomba kuku kila mwaka. Ulimwambiaje?"

Fundi alijua alichomwambia. Manyoya yataingia kwenye nguo za watu. Alilisema jibu hilo mara nyingi hata halikuwa tena jibu, lilikuwa kama kikohozi. Na ukweli ni kwamba hakuna gauni hata moja lililowahi kuingiwa na unyoya, kwa sababu hakukuwahi kuwa na kuku. Akainama kuokota vibanio vya nguo ambavyo havijaanguka.

Wakaenda kwa mwenye kuku, mama mmoja mnene aliyevaa viatu vya mpira na aliyezungumza na binadamu na kuku kwa sauti ileile. Palepale Fundi akasahau alichofuata. Fundi wa nguo akiona rangi hana akili tena. Alikwenda moja kwa moja kwa kuku mdogo mweupe mwenye manyoya hadi miguuni, akamshika kifua kwa vidole viwili kama anayepima kitambaa, akageuza bawa kuona ndani pamemalizwaje.

"Huyu," akasema kwa pua.

"Unaoa?" akauliza mwenye kuku.

Shemeji alicheka mpaka akashika nguzo ya banda.

"Shemeji yangu ana paka kwenye bustani," alieleza alipopata pumzi. "Mkubwa, na ana kiburi."

"Basi huyo mweupe mwache hapo. Ni mwepesi, na kila kitu kinamtisha, hata kivuli chake. Paka hana shida na kuku, baba. Paka ana shida na kitu kinachokimbia." Mwenye kuku alielekeza kidole kwenye gunia la pumba, ambako paka wake mwenyewe alikuwa amelala chali. "Vifaranga sikupi, utakuwa umemletea kitoweo. Jogoo sikupi, hiyo ni vita. Chukua majike yaliyokwisha kukua, mazito, ya banda moja, yanayojuana tabia. Na usichague kwa macho. Simama, uone nani anafanya nini."

Kisha akamnyanyua paka kutoka kwenye gunia, akamtua katikati ya kuku.

Yule mweupe alitoweka kabla paka hajafungua macho. Wengi wakasogea pembeni wakipiga kelele. Wakabaki watatu. Mmoja mwekundu mnene aliyeendelea kuparua chini kana kwamba hakuletwa kitu. Mmoja mwenye madoa, aliyejikunja nyuma ya mwekundu lakini hakukimbia. Na mmoja wa rangi ya majivu, shingo haina manyoya, sura imechakaa, ambaye alimwendea paka kwa hatua za mama mwenye nyumba, akamtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pili. Paka akarudi kwenye gunia lake.

"Yule mbaya," akasema Fundi, na safari hii midomo ilifunguka kidogo.

"Yule mbaya ndiye atakayekulindia nyumba," akasema mwenye kuku. "Chukua na hao wawili. Wafungie kwanza, wapajue kwao. Paka awaone kupitia waya mpaka awazoee. Halafu wafungulie, uwaite uwape chakula. Kila siku mwito uleule, usiwachanganye."

Fundi akafanya alivyoambiwa. Siku ya kwanza Mheshimiwa alitoka chini ya ua, akaketi mbele ya waya, mkia ukipiga chini. Fundi alichungulia dirishani roho juu. Mheshimiwa akasogeza pua kwenye tundu la waya, na Shingo, maana jina lilikwisha kumganda yule wa majivu, akamdonoa puani mara moja, bila chuki, kama anayegonga muhuri. Mheshimiwa alirudi nyuma, akajilamba bega akijifanya hamnazo. Tangu hapo alikaa mbali kidogo na waya, akikagua kwa heshima.

Lakini ndani hakuingia. Na akiitwa, hakuja.

Ilipofika siku ya kuwafungulia kuku, shemeji alikuja kushuhudia. Fundi alisimama kwenye ngazi na kopo la chenga za mahindi mkononi, akafungua banda. Kuku wakatoka, wakatawanyika kwenye maua.

"Haya, waite," akasema shemeji.

Fundi akasema, "Kuku."

"Hilo ni jina lao, siyo mwito. Ndiyo kwanza unatambulishana nao?"

"Kuku, kuku."

"Lete kopo hapa. Nitakuonyesha tulivyokuwa tukiita kwetu. Mama alituachia kuku mimi na dada, na dada ndiye alikuwa hodari." Shemeji aligonga kopo kwa kucha, akainua uso, akaita. "Tuuu-tu-tu-tu-tu, njooo."

Mwito ulianzia juu, ukashuka kwa kurukaruka, kisha neno la mwisho likapanda tena kama swali. Shingo aliinua kichwa. Yule mwekundu akaanza kuja mbio, tumbo likiyumba.

Na kutoka chini ya ua, akiwapita kuku bila hata kuwatazama, mkia umesimama wima, akaja Mheshimiwa.

Alikuja mpaka kwenye miguu ya shemeji. Alijisugua mara moja kwenye sketi yake, akanusa pindo. Akanusa tena. Kisha akainua uso na kumtazama, na mkia ukashuka taratibu. Akageuka, akarudi chini ya ua alikotoka.

Kuku walikuwa wakidonoa kopo.

"Alikuwa anamwita hivyo," akasema shemeji hatimaye. "Dada. Alikuwa anamwita paka kama kuku." Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta macho kwa kiganja. "Wewe hukuwahi kumsikia?"

Fundi hakuwahi kumsikia. Saa ya paka kula ilikuwa saa ya kazi, yeye yuko chumba cha mbele, mguu kwenye kanyagio, cherehani inanguruma. Kila jioni tangu paka aokotwe kulikuwa na mwanamke amesimama kwenye ngazi hizi akiwaita kuku aliokataliwa, na anayeitika ni paka. Naye upande wa pili wa ukuta alikuwa akilinda nguo za watu zisiingiwe na manyoya. Akaomba kopo, akaliweka jikoni, akamsindikiza shemeji yake mpaka barabarani.

Jioni iliyofuata alitoka peke yake. Kwanza alifungua na kufunga mdomo mara kadhaa, taya likalia. Aligonga kopo kwa kucha.

"Tu," akasema. "Tu-tu."

Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, kavu, yenye kutu. Madoa alimtazama kwa mashaka. Fundi akavuta pumzi, akaachia midomo yote miwili, akaita kama alivyosikia, kuanzia juu, kushuka, na lile neno la mwisho akalipandisha mpaka likamkwaruza koo. Kuku wakaja. Mwekundu mbele, Madoa nyuma yake, Shingo mwisho, bila haraka. Fundi hakuwatupia kitu. Alikuwa akitazama ua wa bustani.

Akaita tena.

Majani yakacheza. Mheshimiwa akatoka, si mbio kama jana, bali hatua, kusimama, hatua. Alipita katikati ya kuku, Shingo akampisha, akafika chini ya ngazi akaketi. Alimtazama Fundi. Kisha akatazama mlango wa jikoni nyuma ya Fundi, uliokuwa wazi, akaukazia macho, masikio mbele, akisubiri.

Na Fundi naye, akijua vizuri kabisa, akageuka kutazama mlangoni.

Palikuwa na jiko, meza, na aproni imetundikwa kwenye msumari.

"Hayupo," akamwambia paka. Hakuwa amelisema neno hilo kwa sauti tangu msiba. Alikaa kwenye ngazi, kopo magotini, kuku wakimdonoa kamba za viatu. "Hayupo, Mheshimiwa. Aliyekuita ni mimi."

Mheshimiwa aliendelea kutazama mlango kwa muda mrefu. Lakini hakuondoka.