Chumba cha Mkwe

Asubuhi ya mkutano wa mpango wa makazi, Mama Eunice alinikuta napukuchua mahindi. Ni jirani yangu, mjane, na ua wake na wangu zimetenganishwa na uzio wa minyaa tu.

"Mama Ndaki, leo utakuwa mdomo wangu."

"Wako umepata nini?"

"Unajua atakayesimama mbele ni nani."

Nilijua. Afisa mipango aliyetuletea mchoro hapa Maganzo alikuwa Boaz, mume wa binti yake Eunice. Kwetu Wasukuma, kwa wanaoshika mila, mama hazungumzi na mkwe wake wa kiume uso kwa uso, wala hawalali chini ya paa moja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hukatiza shambani. Si chuki, ni heshima, na Mama Eunice aliishika kama anavyoishika ibada ya Jumapili.

Shida yake ilikuwa barabara. Mchoro ulikuwa umebandikwa kwenye ukuta wa ofisi, na barabara mpya ilipita nyuma ya nyumba yake, juu kabisa ya kijumba cha matofali alichokijenga kwa jasho la karanga zake ili Boaz apate pa kulala. Kabla ya hapo Eunice alikuwa akija asubuhi na kuondoka jioni, kwa sababu mumewe hakuwa na pa kulaza ubavu. Sasa Eunice alikuwa amejifungua, na bibi alikuwa akimsubiri mjukuu kwa Pasaka. Kijumba kikivunjwa, mtoto angekuja kama mgeni wa kunywa chai na kuondoka.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Boaz alieleza vizuri, kwa upole, wapi pawe soko, wapi viwanja, wapi malisho. Mama Eunice alikaa nyuma ya watu wote, nyuma yangu mimi, ameipa meza mgongo, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mwenyekiti Jilala aliposema wenye maoni wasimame, nilimwomba Mungu anipe maneno machache yanayotosha, nikasimama.

"Barabara yenu inavunja nyumba ya Mama Eunice."

Boaz aliangalia karatasi. "Hapo pameandikwa banda, mama. Halina mtu."

Nyuma yangu nikasikia mnong'ono: "Muulize nani aliingia."

"Nani aliingia?"

Boaz akakuna shingo. "Mwenzangu ndiye aliyepima. Mimi ua ule nisingeweza kuuzunguka."

Watu wakaangua kicheko, maana kila mtu alielewa. Mwenzake, mgeni wa mkoa huu, alichungulia dirishani, akaona hakuna jiko wala nguo kwenye kamba, akaandika banda.

"Kwa hiyo mkwe anabomoa nyumba aliyojengewa yeye mwenyewe," alisema Masalu, ambaye kiwanja chake kinatazamana na cha Mama Eunice. "Mwacheni alale nje na mbuzi." Kisha akaacha utani. "Lakini barabara ikihama kwake, inahamia kwa nani? Kwangu. Au mama mkwe ana ramani yake?"

Hakuna aliyecheka. Boaz alifunga kalamu yake.

"Mzee Masalu anasema kweli. Hii ni familia yangu, mimi siwezi kuamua. Amueni ninyi, mwenzangu ataandika."

Kati ya viwanja vile viwili kuna njia ya zamani ya ng'ombe. Mtu mmoja akasema ipanuliwe, kila upande utoe kidogo. Macho yote yakamgeukia Masalu, naye akatazama viatu vyake. Mnong'ono ukanijia tena.

"Mama Eunice anatoa minyaa yake yote ya upande ule," nilisema, "na mpapai."

"Ule wenye mapapai matamu?"

"Huo huo."

Masalu akahema. "Basi na mimi natoa yangu. Ila mkwe akichinjiwa jogoo, niitwe. Nina pole ya kumpa kwa ule utani wa mbuzi."

Mikono ikanyooshwa, ikakubalika. Lakini mwenyekiti alitaka Boaz akakague mwenyewe, kosa lisirudiwe. Mama Eunice akahamia uani kwangu ili mkwe aweze kuingia kwake. Tulisimama nyuma ya minyaa, tukasikia kitasa kikihangaika.

"Mama Ndaki, mwambie mlango umevimba kwa mvua, asukume kwa bega."

Sikuhitaji kumwambia. Alisukuma.

Nilijua atakachokiona: kitanda, godoro ambalo bado lipo kwenye nailoni yake, chandarua, na chini ya kitanda beseni jekundu la kumwogeshea mtoto. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka aliketi kizingitini, akajifuta uso kwa leso, na jua halikuwepo.

"Mama Ndaki," aliita, akitazama pembeni, "mwambie mwenye nyumba Pasaka tutakuja. Tutakaa mpaka atuchoke."

Mama Eunice aliziba mdomo kwa kanga.

"Mwambie mwenye nyumba ni yeye. Mimi nafagia tu."

Halafu akaniomba nimshukuru Mungu. Nikaomba pale pale tulipokuwa, kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya Masalu, hata kwa ajili ya yule mgeni aliyechungulia dirishani. Niliposema amina, niliitikiwa pande zote mbili za minyaa, kwa pamoja.