Safu ya Majina

Mwalimu Salehe alikunywa chai yetu vikombe viwili na kula mihogo ya bibi yangu kabla sijammaliza. Naanza na hilo ili ijulikane kwamba kwetu Matombo mgeni hanyimwi chai, hata awe mwizi.

Aliniibia daftari. Wapo watakaosema daftari ni karatasi tu, na hao hawajawahi kupanda milima ya Matombo mara kumi na sita kwa ajili ya karatasi. Nilikuwa kidato cha sita, shule ya kutwa pale Morogoro Mjini, na chuo kimoja kilikuwa kimeanzisha utaratibu mpya. Wanafunzi ishirini wa sekondari walikwenda chuoni kila Jumamosi kusoma masomo ya mwaka wa kwanza, kwa wahadhiri walewale na mitihani ileile. Ukifaulu unapewa krediti kumi na mbili. Siku ukijiunga na chuo, masomo hayo huyarudii, yameshahesabiwa. Mimi, binti wa fundi cherehani wa Mwembesongo, nilikuwa nakaribia kushika kipande cha digrii kabla sijavua sketi ya shule. Mama aliwatangazia wateja wake wote. Hata aliyekuja kupunguza suruali aliondoka anajua krediti ni nini.

Sehemu kubwa ya maksi ilikuwa mradi, na mradi wangu ulikuwa mdalasini wa bibi yangu mzaa mama, Bibi Eufrazia. Miti kumi na minne. Kwa miezi minane, kila baada ya wiki mbili, nilipanda Matombo nikapima unene wa shina, nikahesabu machipukizi, nikapima uzito wa gome lililochunwa. Kila mti niliufunga kibati nilichokata kwenye kopo la maziwa, namba nimeitoboa kwa msumari.

Kwenye daftari, baada ya safu ya namba, niliweka safu ya majina, kwa sababu bibi yangu habari za namba hana. Yeye kila alipozaliwa mtoto katika nyumba yake alipanda mdalasini, na mti ukaitwa jina la mtoto. "Rehani ametoa matawi," atakwambia. "Juliana ana sisimizi." Huyo Juliana ni mimi, na sisimizi walikuwa kweli. Ukimtajia mti namba tatu anakuuliza umekunywa nini.

Mti namba saba ni Abel. Abel alikuwa kaka yangu, kifungua mimba wa mama, na alikaa duniani siku tisa. Mti wake haukuwahi kukatwa wala kuchunwa, mama alikataza, kwa hiyo umewapita wenzake wote kwa urefu. Mama mwenyewe akija Matombo huishia kwenye migomba. Kule kwenye mdalasini hafiki, na jina lile halitajwi akiwepo. Mimi kwenye safu ya mavuno, mbele ya Abel, niliandika sifuri mara kumi na sita.

Daftari lilipokamilika nilimpa Mwalimu Salehe, mwalimu wa taaluma, aligonge muhuri wa shule na kulipeleka chuoni. Baada ya wiki akaniambia halionekani. "Labda uliliacha kwenye gari, binti. Jaribu mwakani." Mwakani wapi, na mimi mtihani wa mwisho ni Mei? Siku tatu baadaye orodha ya watakaotetea miradi yao ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nikausoma mradi wangu neno kwa neno, "Ukuaji wa Mdalasini Matombo: Miti Kumi na Minne". Pembeni yake jina la Maimuna.

Maimuna ni mtoto wa dada yake Mwalimu Salehe. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba asiyembeba mpwa wake huchekwa. Hilo naelewa. Ambebe mgongoni, ambebe kichwani, lakini asinifanye mimi kata ya kuwekea mzigo wake.

Nilimfuata ofisini. Hakukana hata kidogo, ndicho kilichoniuma zaidi. Aliniuliza, "Una ushahidi?" Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba fomu yangu ya tabia anaijaza yeye.

Niseme ukweli hapa. Siku ileile nilitembea mpaka getini chuoni kwenda kwa Dokta Chandrika, mhadhiri wetu wa mimea, nikasimama, nikageuka nikarudi. Nilijua angenisikiliza. Lakini angemwita Salehe ofisini, mlango ungefungwa, angeomba radhi kwa sauti ya chini, na mambo yangeisha kikubwa. Mimi sikutaka yaishe kikubwa. Nilitaka mchana kweupe, watu wamekaa, na yeye hana pa kuficha uso. Nilimchukia mpaka nikawa nakula vizuri.

Mama sikumwambia. Alikuwa ananishonea blauzi ya siku ya utetezi, ya kitenge cha bluu, na kila jioni ananipimisha.

Sasa, mradi wa shamba hutetewa shambani kwenyewe. Watahini huja, wanaona miti, wanauliza. Salehe alikuwa na daftari lakini hakuwa na mdalasini. Kwa hiyo wiki hiyohiyo nilirudi ofisini kwake, nimeinamisha kichwa.

"Mwalimu, nimefikiri. Sitaki ugomvi na wewe. Maimuna atumie tu shamba letu. Nitaongea na bibi, tutawapikia wageni."

Alishusha pumzi ndefu. "Una busara, Juliana. Utafika mbali."

"Ahsante, Mwalimu."

Maimuna alinijia mapumziko, daftari langu kwapani, limevikwa jalada jipya la kijani. Hakuniangalia machoni. Nilimfundisha yote: udongo, mvua, kwa nini gome huachia masika na kiangazi hung'ang'ania. Nilimfundisha kwa moyo mmoja. Mwishoni akaweka kidole kwenye safu ya pili.

"Na haya majina?"

"Watu wa pale nyumbani."

"Aa, waliokuwa wanakusaidia kupima. Na wewe umo."

Nikatabasamu. Sikusema ndiyo wala hapana. Kudanganya niliwaachia wenyewe, yeye na mjomba wake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu. Mvua ilikata asubuhi na gari la chuo likafika limepakwa tope mpaka madirishani. Mama alikuwa amepanda tangu jana yake kusaidia kupika. Yeye alijua ni siku yangu. Nilimwambia tunaotetea pale tuko wawili na mimi ni wa mwisho. Bibi nilimwambia akae kwenye kigoda chake karibu na miti, asikilize, asiseme mpaka aulizwe. Majirani nao walijaa, maana gari likifika kwetu halifiki kimya.

Dokta Chandrika alimwamkia bibi, "Shikamoo, bibi," bibi akaitika, "Marahaba, mwanangu, pole na barabara." Baba yake Dokta ana duka la viungo nyuma ya soko mjini, na yeye amekulia juu ya magunia. Alipopita kwenye mti wa kwanza alichuma jani, akalisugua, akalinusa, akalitia mfukoni.

Maimuna alianza vizuri, haki yake simnyimi. Mwalimu Salehe, chai imemkaa vyema, alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila sentensi. Bibi alinigeukia na macho ya kuuliza huyu ni nani na kwa nini anazungumzia miti yangu. Nikamtuliza kwa kiganja. Mama alikuwa jikoni, na jikoni ni upande wa pili wa migomba.

Dokta akafungua daftari. "Nieleze safu hii ya pili. Ernest, Juliana, Rehani."

"Ni watu walionisaidia kupima, Dokta."

"Rehani amepima mti namba tatu peke yake, mara zote kumi na sita?"

"Ndiyo, Dokta. Kila mtu alikuwa na mti wake."

Bibi akaangua kicheko. "Rehani yupi? Wangu? Rehani yuko Kisaki, stesheni, mwaka wa sita huu hajakanyaga hapa! Labda alipima kwa simu."

Majirani wakacheka. Mwalimu Salehe alicheka nao, kidogo, kisha akaacha. Dokta hakucheka. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye ukurasa, nami nilikuwa nashuka nacho, nne, tano, sita.

"Na namba saba. Abel. Mavuno sifuri, sifuri, sifuri. Wenzake wote wamechuna. Kwa nini Abel hakuchuna?"

Swali hilo nililingoja wiki tatu. Nilijua litaulizwa, maana mtahini yeyote mwenye macho angeliuliza, na nilijua Maimuna hana jibu. Nilikuwa nimeegemea mti wangu mwenyewe, sisimizi wananitambaa, wala siwajali.

Maimuna alimtazama mjomba wake. Mjomba alitazama viatu vyake. Basi binti wa watu akajaribu kuwachekesha watu ili wamwache apite.

"Abel alikuwa mvivu tu, Dokta. Kila nikimtafuta, amelala."

Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alijishika mdomo. Bibi aliinuka kwenye kigoda, polepole, akishika magoti.

"Abel alikaa siku tisa," alisema. "Mti wake huo hapo. Hawa wote ni wanangu na wajukuu zangu, nimewapanda kwa mkono wangu. Wewe binti, nani amekuleta shambani kwangu?"

Dokta Chandrika alifunga daftari. "Hili daftari ni la nani?"

Nikasema ni langu. Akaniambia nimtajie miti bila kusoma. Nikamtajia yote kumi na minne, namba, jina, unene wa shina siku ya kwanza na siku ya mwisho, nikitembea toka mti hadi mti. Mwalimu Salehe alisema majalada yalichanganyika ofisini. Dokta aliingiza ukucha chini ya jalada la kijani, akalibandua, na jina langu likaonekana, na chini ya jina muhuri wa shule.

"Majalada yakichanganyika, Mwalimu, hayajipaki gundi."

Siku za mwizi ni arobaini. Yeye, tangu orodha ibandikwe, aliishia ishirini na moja. Jasho lilimtoka na kumlowesha kola mbele ya nusu ya kijiji, mbele ya mhadhiri wa chuo, mbele ya mpwa wake ambaye sasa alikuwa analia. Niliangalia kila kitu. Sikupepesa. Wakati wa kuondoka dereva alimwambia gari limejaa. Halikuwa limejaa. Akashuka mlima kwa miguu, kwa viatu vyake vya ngozi, na watoto wakawa wanamhesabia mara anazoteleza. Mpaka leo nikikumbuka ninafurahi, na sioni haya kusema.

Kabla hajapanda gari, Dokta alinivuta pembeni. "Krediti zako zote kumi na mbili utazipata, nitaandika mwenyewe. Lakini ungenijia ofisini siku uliyojua, ningezirudisha siku hiyohiyo."

"Najua, Dokta."

Alinitazama kidogo, akaingia garini.

Nikageuka kumtafuta mama nimwambie. Sikuhitaji kwenda mbali. Alikuwa amesimama katikati ya miti ya mdalasini, ameipita migomba, mahali ambapo sijawahi kumwona maisha yangu yote. Alikuwa ameshika trei ya vikombe vya chai ya pili. Chai ilikuwa haitoi tena moshi.

"Mama, nimezipata."

"Nimesikia." Alikuwa anautazama mti mrefu, si mimi. "Nimefika hapa yule binti anasema mwanangu mvivu."

"Sikujua atasema vile, mama. Wallahi sikujua." Mimi Mkatoliki, lakini ndilo neno lililonitoka.

"Ulijua watamtaja?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimenyamaza vizuri sana wiki zote zile, neno moja zaidi lisingenishinda. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu orodha ilipobandikwa."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nakupimisha blauzi, unageuka huku na huku mbele yangu, na unangoja watu waje wamuulize mwanangu kwa nini hafanyi kazi."

Yule niliyemchukia alikuwa ameshafika barabarani, na mimi nilikuwa hapo.

Mama alinipa trei. Akaenda kwenye mti namba saba, akaweka kiganja kwenye gome, kisha akaanza kufungua kile kibati changu. Waya ulikataa, maana nilikuwa nimeukaza kwa koleo ili kibati kisianguke miezi yote minane. Alivuta, ukamchana kidole, akavuta tena. Nilitaka kwenda kumsaidia, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa vikombe.