Mpungate wa Mzee Mwangi

Mtu akikwambia jangwani hakuna kitu, muulize alikwenda mwezi gani. Akisema Julai, msamehe. Julai mtu haoni chochote zaidi ya jasho lake mwenyewe. Lakini Machi ya mwaka 2017, baada ya mvua iliyofurika barabara za Doha na kuvujisha dari za watu wa Al Mansoura, jangwa la Zekreet lilichanua kana kwamba halijawahi kusikia habari za jua.

Wengine walikwenda huko kupiga picha. Wairimu alikuwa na haja yake. Alikaa kiti cha nyuma cha gari, asubuhi ya Ijumaa, amepakata kopo la maziwa ya unga lililopandwa mpungate wenye urefu wa mkono. Kila gari liliporuka shimo, Faridah aliyekuwa kando yake alijibana mlangoni.

"Banange, Wairimu! Hiyo kitu yako itanitoboa. Si uweke kwa buti?"

"Buti iko na joto."

"Joto?" Oloo alicheka kutoka kwenye usukani. "Si ni kitu ya jangwa hiyo? Wewe sasa unaipeleka kwao na bado unaionea huruma."

Oloo alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa kitajiri wa The Pearl, na Ijumaa aliwaendesha marafiki zake kwa gari la kuazima, bure, ila kwa sharti la chapati. Faridah alikuwa Mganda, askari wa lango katika jengo moja la ofisi. Wa nne wao, Milcah, aliyekuwa mbele na chupa ya chai ya karaki miguuni, alifanya kazi hotelini na ndiye aliyeuleta mpungate ule nyumbani. Hoteli ilikuwa imeutupa, umenyauka. Yeye na Wairimu walishiriki chumba, na Wairimu aliulea dirishani mpaka ukasimama.

Kwa nini muuguzi mzima abebe miiba kwenda jangwani? Hapo lazima turudi nyuma kidogo.

Kwao Othaya, Kenya, mtu hazikwi tu akaachwa. Kaburi likishafunikwa, emsii hushika kipaza sauti akaita watu waje wapande maua: mjane kwanza, watoto kuanzia kifungua mimba, kisha wajukuu, wakwe, kanisa, chama cha kina mama, majirani, mpaka na yule aliyefuata wali hupewa mche wake apige picha. Baba yake Wairimu, mzee Mwangi, alizikwa mwaka juzi mwezi wa Agosti, wakati Wairimu ni mgeni Doha na pasipoti yake ingali ofisini ikingoja kibali cha ukazi. Hakwenda. Emsii alipomwita kifungua mimba, hakutokea mtu. Shangazi mmoja akajitolea kumpandia, naye mama yake Wairimu akamnyang'anya mche. "Hapo paachwe," akasema mbele ya watu wote. "Mwenyewe atakuja."

Basi kichwani pa kaburi pakabaki pengo, upana wa sinia. Wairimu aliliona kwenye video aliyotumiwa na mdogo wake Lenny, na tangu siku hiyo halikumtoka machoni. Kila alipopiga simu nyumbani, mama alimaliza kwa maneno yale yale, "Na kwako nimepalilia." Mama alidhani anamfariji. Loo! Maneno yale yalimchoma kuliko sindano zote alizowahi kuwachoma watu.

Zamu yake ya likizo ilipofika, akampa mwenzake aliyekuwa na harusi. Watu wakamsifu kwa moyo mwema. Sasa zamu imemrudia, Aprili, na mwenzake mwingine aitwaye Olivia anaiomba. Jumapili msimamizi wa wadi anataka jibu. Wairimu alikuwa tayari na hila yake: ampandie baba hapa hapa Qatar, ahesabu amepanda, kisha Olivia achukue Aprili yake aende nayo. Milcah pekee ndiye aliyeambiwa, na hakuwa ameipenda.

Waliacha gari penye kivuli cha jabali wakaanza kutembea. Ilikuwa asubuhi ya upepo laini, na miamba ile myeupe imesimama huku na huku, mipana juu, imeliwa na upepo kiunoni kama uyoga. Chini kulikuwa na vijiua vya njano vilivyotambaa, na vya zambarau vidogo kuliko kifungo cha shati, na majani mekundu membamba yaliyoonyesha jua upande wa pili. Mahali pengine ua nene la njano lilichomoza mchangani lenyewe, bila jani hata moja, kama gunzi la mahindi lililosahauliwa shambani. Faridah alilipigia magoti akalinusa. Ngamia watatu walipita mbali, wakala maua bila adabu.

"Tuangalie wenzake," Wairimu alisema. "Tukiona pahali mipungate iko mingi, tunaupanda hapo usikae peke yake."

Lilikuwa wazo zuri. Wakatafuta nyuma ya kila mwamba, wakapanda kijilima, wakashuka bonde, wakala chapati, wakatafuta tena. Maua waliyaona mpaka wakayazoea. Mpungate hawakuuona hata wa dawa.

"Mimi nimekuja huku Ijumaa nyingi," Faridah alisema mwishowe, kwa upole, maana alishahisi jambo hili si mchezo. "Sijawahi ona hata moja. Hiyo ni ya kwa mitungi, mbele ya mageti ya matajiri."

"Lakini ni jangwa!"

"Ni jangwa, nnyabo. Lakini si lake."

Wairimu aliutazama mpungate wake. Ukimtoa Faridah, wote walikuwa wameamini habari za sinema, kwamba palipo na mchanga pana miiba ile, na mtu mzima haoni raha kugundua hivyo akiwa na kopo mkononi. Alikaza meno. "Tutaupanda tu. Hapa."

Alichagua chini ya mwamba mmoja uliokuwa na maua pande zote. Oloo akaleta sepetu ndogo ya kukwamulia gari, akapiga mara moja. Kiganja kimoja cha udongo, kisha ngo! Mwamba. Akasogea, akapiga tena. Ngo! Maua yote yale yalikuwa yameota juu ya udongo wa unene wa chapati.

"Hii haitaki," Oloo alisema, akijifuta jasho.

"Chimba."

"Wairimu, mama, nitachimba na nini? Hii ni jiwe mpaka Saudia."

Akakwangua alichoweza, likapatikana shimo la kutosha bakuli. Wote wakalizunguka. Hapo Milcah, ambaye hawezi kuvumilia kimya hata kanisani, akashika chupa ya chai akaisogeza mdomoni kama kipaza sauti.

"Haya, haya, tusikizane! Kwa niaba ya familia ya marehemu mzee Mwangi, tunashukuru wote mliofika licha ya jua. Sasa tunaanza kupanda. Majirani, Oloo peke yake, tafadhali!"

Oloo akacheka, kisha hakucheka. Akavua kofia, akaokota kijiwe cheupe akakiweka ukingoni mwa shimo.

"Na wageni wetu kutoka Uganda!"

Faridah akapiga magoti. "Sisi tunatupa udongo," alisema, akatupa kwa mikono miwili, mara tatu, midomo ikisogea. Hakuna aliyemwuliza alikuwa anasema nini.

"Sasa tunaita watoto." Sauti ya Milcah ilishuka yenyewe. "Tunaanza na kifungua mimba."

Wairimu hakusogea. Alisimama na kopo lake kifuani, miiba ikimgusa kidevu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na chake kilitoka sasa, kikubwa, kibaya, cha kumwinamisha mtu. Huyu aliyewafumba macho wafu wa watu akatoka akanywa chai yake vizuri tu, hakuwa amemlilia baba yake hata siku moja.

Milcah aliweka chupa chini, akampokonya kopo, akamshika.

"Naogopa kwenda kupaona," Wairimu alisema alipoweza kusema. "Watu wote walipanda. Kila mtu akipita anaona palipo wazi, anajua ni pa nani."

"Basi mwambie mama hivyo," Milcah alisema. "Usimwambie kazi ni nyingi. Mwambie hivyo."

Mtandao ulikuwa juu ya kijilima. Wairimu alipanda peke yake, akapiga, na mama akaitika kwa sauti ya mtu aliyetoka kumfokea mbuzi. Wairimu alimwambia yote, pengo, likizo, Olivia, hata mpungate. Alizungumza mbio asije akaghairi. Alipomaliza, alisikia mama akivuta pumzi.

"Kwani Lenny hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mvua imetukataa tangu mwaka jana. Maua yote yalikauka. Ya shangazi yako, ya kanisa, yangu mwenyewe. Yaliyobaki mbuzi wa jirani akamaliza. Pale hakuna hata jani, mwanangu. Kaburi lote sasa ni kama kwako. Nimewaambia watu wangoje mvua ya mwezi wa nne, tupande upya. Nilikuwa naona haya kukwambia. Ulituachia baba yako tumtunze, tukashindwa."

Wairimu aliketi juu ya jiwe. Chini yake bonde zima lilikuwa la njano, na marafiki zake watatu walionekana wadogo kandokando ya kishimo chao. Mwaka mzima na ushei alikuwa amelikimbia pengo lake, kumbe na mama naye huko alikuwa analificha la kwake.

"Safari hii," mama alisema, "wewe ndiye utaanza."

"Nitaanza, mama."

"Lakini ngoja kwanza. Ulisema ulitaka kumpandia nini?"

"Mpungate."

"Wenye miiba?" Mama akaanza kucheka, kicheko ambacho Wairimu hakuwa amekisikia tangu Agosti ile. "Juu ya Mwangi! Mtu aliyekuwa akiona sindano anajificha chooni, na binti yake ni nesi! Angefufuka, wallahi, angefufuka akatuhamia nyumbani!"

Wairimu naye akacheka, machozi yakimshuka, mpaka salio likaisha na simu ikakatika.

Aliposhuka, Oloo alikuwa bado ameegemea sepetu yake, kofia mkononi, hajui aivae au asiivae.

"Tunapanda ama hatupandi?"

"Hatupandi. Rudisheni udongo."

Wakaurudisha kwa viganja, pamoja na kijiwe cha Oloo. Faridah alikubali kupakata kopo mpaka mjini. Milcah akaokota chupa yake ya chai, akaisogeza mdomoni.

"Basi ndugu zangu, shughuli imeahirishwa."

"Mpaka mwezi wa nne," Wairimu alisema. "Kwetu."