Nyayo Mbele ya Baba

"Hesabu, Mama," alisema Mal-suk, kidole gumba kikiwa kimezama kwenye muundi wa mama yake.

"Moja, mbili, tatu, nne. Unanibonyeza kama unga?"

Mal-suk aliondoa kidole. Shimo likabaki, la kutosha kuweka punje ya soya, wala halikuwa na haraka ya kujaa. Wote wawili wakaliinamia.

"Jana lilikuwa dogo."

"Jana ulikuwa na kidole chembamba," alijibu mama yake, Bibi Bun-i.

Mal-suk alivuta tepu ya kupimia shingoni mwake, akaizungusha kwenye kifundo cha mguu, kisha akachora mstari wa urefu huohuo kwenye fremu ya mlango kwa chaki yake ya kushonea. Miaka thelathini alikuwa akipunguza suruali na kubadilisha zipu katika kibanda nyuma ya soko, na kwa kumtazama mtu tu alijua kiuno chake. Miguu hii ilimshinda. Soksi za kubana mama alivaa. Supu ilipikwa bila chumvi mpaka paka wa jirani akaikataa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimlaza mama juu ya godoro sakafuni, akaiinua miguu yake juu ya mito mitatu kama daktari wa zahanati alivyoagiza. Hata hivyo mistari ya chaki ilizidi kupanda.

Daktari alikuwa amesema moyo na figo ni salama, shida ni mishipa ya miguu tu. Lakini kama uvimbe haujapungua kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, angemlaza hospitali. Na Jumamosi yake ndiyo ilikuwa siku ya kimchi.

Siku hiyo mtaa mzima ulichachua kabichi za majira yote ya baridi, na kwa miaka arobaini hakuna aliyethubutu kupaka pilipili kwenye jani kabla Bibi Bun-i hajaonja. Wenzake wa rika walikuwa wameshatangulia mmoja mmoja. Ulimi ule ndio uliokuwa umebaki, na yeye aliujua uzito wake.

"Wakiniweka hospitali," alisema huku akilazwa, "Jeom-rye ataonja. Jirani yule hatofautishi chumvi na sukari. Tutakula aibu mpaka majira ya machipuko."

"Basi tulia na miguu juu, Mama. Usishuke."

"Nimetulia. Nenda, usije ukachelewa."

Mal-suk alitoka akipiga miayo. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao mtu huvaa soksi mbili za rangi tofauti na kugundua saa saba mchana. Alipofika kona ya soko aligundua pia kwamba ameacha mkasi nyumbani. Akarudi.

Kabla hajavua viatu alisikia mama akiongea ndani, kwa sauti ya chini na adabu nyingi.

"Tuvumiliane, Baba Mal-suk. Ameshaondoka. Nimeshusha."

Mal-suk akasukuma mlango. Mito mitatu ilikuwa pembeni. Mama alikuwa ameketi, miguu imekunjwa chini yake kama bi harusi, ameuelekea ukuta wa kaskazini. Ukutani palikuwa na picha ya baba ndani ya suti yake moja, amekunja uso kama siku zote.

"Mama! Wiki mbili zote hizi umekuwa ukiishusha?"

Bibi Bun-i aliona haya kama mtoto aliyekutwa na asali mdomoni. "Ulitaka nifanye nini? Nimnyooshee baba yako nyayo usoni? Tangu niolewe sijawahi kumwelekezea hata kidole cha mguu."

"Baba alikufa miaka kumi na tisa iliyopita!"

"Ndiyo maana hawezi kusogea yeye."

Mal-suk alitaka kukasirika. Alifungua kinywa kabisa akasirike, kikatoka kicheko, akakaa chini na kucheka mpaka machozi. Wiki mbili za supu chapwa, kumbe mkosaji ni baba!

"Basi tugeuze godoro. Kichwa huku."

"Kichwa kaskazini hulazwa maiti tu. Una haraka gani na mimi?"

Mal-suk alitazama kulia, kulikuwa na kabati. Akatazama kushoto, kulikuwa na mlango. Basi akapanda juu ya sanduku, akamshusha baba kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kumwomba radhi, akamtundika ukuta wa pili, upande wa kichwa cha mama.

"Hapo sasa," alisema Bibi Bun-i, akijilaza mwenyewe na kuinua miguu juu ya mito kwa raha zote. "Tutazame mbele pamoja."

Ijumaa mistari ya chaki ilikuwa imeshuka kwa upana wa vidole viwili, na daktari akamruhusu. Jumamosi uani palijaa kabichi na makelele. Bibi Bun-i aliwekwa kwenye kiti, miguu juu ya gunia la vitunguu. Alionja pilipili kwa ncha ya ulimi, akatema, akasuuza kinywa. Vichwa vyote uani vikamgeukia.

"Ongezeni samaki wa chumvi kidogo tu. Jeom-rye, siyo wewe, mpe mwingine atie!"

Wakacheka wote, Jeom-rye akiwa wa kwanza.

Alasiri, mitungi ilipofunikwa, Mal-suk alikuja kukaa chini karibu na kiti cha mama. Hata kabla hajamaliza kukaa, usingizi ukamchukua kwenye mkeka, glavu zake nyekundu bado mikononi. Miguu yake, iliyosimama tangu alfajiri, ilikuwa imetuna juu ya soksi.

Bibi Bun-i alishuka taratibu kutoka kitini. Akavuta gunia la vitunguu, akaipandisha miguu ya binti yake juu ya gunia hilo, nyayo zikimwelekea yeye usoni.

"Bibi," Jeom-rye alinong'ona, "amekunyooshea nyayo."

"Nyamaza. Amechoka mwanangu."

Akaweka kidole gumba kwenye muundi wa Mal-suk, akabonyeza polepole, akahesabu mpaka nne. Kisha akaondoa kidole na kuinama, akilitazama shimo mpaka lijae.