Taa ya Mezani kwa Fundi Sikio

Fundi wa redio alirudi na mfuko wake wa vipuri akakuta nyumba imesusa. Si kwamba umeme ulikuwa umekatika. Friji lilikuwa linatetemeka kama kawaida yake. Ila kamera ya getini ilikuwa imezimika, birika la umeme halikubali amri ya simu, na ile balbu ndogo ya kwenye meza yake ya kazi imekaa tu, haijui hili wala lile.

"Watu wa intaneti wamekuja," mkewe alimwambia, amesimama mbele yake na uso umejaa furaha. "Wameng'oa ruta ya zamani wakaweka mpya. Wakaniuliza mtandao tuupe jina gani. Nimeuita Jirani Nunua Wako."

"Jina gani hilo, mama watoto?"

"Majirani wasome wenyewe. Miaka mitatu wanakula mtandao wetu bure."

Fundi akacheka kwa meno tu; vifaa vyake vyote vilijua jina la zamani. Kamera ingeweza kungoja hata wiki, na birika lina swichi yake. Balbu haikuwa na subira hiyo.

Ukweli ni kwamba mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Enzi zake, redio ikikwaruza nyumba ya pili, yeye akiwa amekaa kwake angekutajia kilichoungua. Sasa ulikuwa mwaka mmoja na nusu tangu masikio hayo yaanze kumkimbia. Mtu akiwa mbele yake, midomo inaonekana, walielewana. Mtu akiwa nyuma yake au chumba cha pili, patupu. Hakumwambia yeyote. Nani atampelekea spika fundi asiyesikia? Wateja wangevuka barabara kwenda kwa mwenzake wa upande wa pili, na yeye angebaki kupangusa bisibisi. Ndipo akanunua kengele ya kisasa na balbu ya kisasa, akavipatanisha kwenye simu: kengele ya geti ikibonyezwa, taa ya mezani ikonyeze mara tatu. Mkewe alipouliza sababu, alimwambia ni kelele za feni. Feni yenyewe ilikuwa mbovu, tena nyumbani kwa fundi.

Na leo, saa kumi, mwalimu wa kwaya angeleta spika kubwa. Mteja wa miaka kumi na mbili. Akibonyeza kengele, naye fundi amekaa kama gogo, kesho mtaa mzima utakuwa na habari.

Akavaa miwani, akaanza. Kamera ilimsumbua kidogo, ikakubali. Kengele aliing'oa ukutani, akaminya kitufe cha nyuma, akaitajia mtandao mpya, ikakubali pia. Birika halikuwa na maneno. Balbu ndiyo ilikula kiapo. Unaizima na kuiwasha mara tano mpaka iwe inapepesa, halafu unaiambia simu iitafute. Ilipepesa vizuri sana. Simu ikaitafuta, ikazunguka, ikasema haijaona kitu. Mara ya pili vilevile. Mara ya nne fundi akaitukania ukoo wake wote, mpaka kiwandani.

"Unaibembeleza kama mtoto mwenye homa," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Si uwashe ile ya darini?"

"Hiyo hainifai," alijibu, kwa sababu alikuwa ameinua kichwa na kumwona anasema.

Saa tisa na nusu ndipo alipokumbuka kusoma boksi. Balbu ile ilijua aina moja tu ya mawimbi, yale ya polepole yanayofika mbali. Ruta mpya ilikuwa imeyafunga ya polepole na ya kasi katika jina moja, na balbu haikujua ishike lipi. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akayatenganisha, kila moja na jina lake. Balbu ikapepesa, ikatulia. Simu ikaandika kwamba imeunganishwa. Fundi akashusha pumzi.

"Mama watoto, nenda getini ubonyeze kengele, nijaribu kitu."

Mkewe akatoka. Fundi akakaza macho kwenye balbu. Ikapita dakika. Ikapita nyingine. Balbu kimya. Mkewe akaingia tena, na fundi akamwahi kabla hajafungua mdomo.

"Kengele iko safi kabisa, nimeisikia. Tatizo ni hii taa."

Mkewe akasimama palepale.

"Umesikia nini?"

"Kengele. Umebonyeza mara mbili, au mara tatu?"

"Sijabonyeza," mkewe alisema. "Sijafika hata getini. Mlango wa uani umefungwa, nimerudi kuchukua funguo."

Fundi aliangalia mezani kana kwamba jibu lilikuwa limeangukia kati ya skrubu. Angeweza kutunga jambo. Alikuwa ametunga mengi. Lakini siku hiyo ulimi uligoma.

"Sisikii," alisema, akainua macho.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

Alitegemea mkewe atamwonea huruma, na hilo ndilo aliloliogopa. Mkewe hakumwonea huruma hata chembe. Alikasirika. Alivuta stuli akakaa, macho yamejaa maji, akampiga begani kwa kiganja.

"Mwaka na nusu nakuita kutoka jikoni, hunijibu! Nakusemesha kitandani, unageukia ukuta. Nikasema huyu ametia pamba masikioni, huyu amenichoka. Nimekaa na jambo hilo peke yangu, mume wangu, nikipika na kufua. Na wewe ulikuwa husikii tu?"

"Nilikuwa sisikii tu," fundi alisema. Aibu aliyoiona wakati ule ilizidi aibu zote alizokuwa ameziogopa. Wateja aliwahesabu mmoja mmoja asije akawapoteza. Mkewe hakuwahi kuwamo kwenye hesabu hiyo hata siku moja. Akamwomba radhi, vibaya vibaya, maneno yakigongana, naye akazikubali huku anafuta pua kwa ncha ya kanga.

Walikuwa bado wamekaa hivyo taa ilipokonyeza. Mara moja, mbili, tatu. Balbu ilikuwa nzima muda wote.

Mkewe akachukua funguo akaenda kufungua, na mwalimu wa kwaya akaingia akihema, akaitua spika mezani. Kwa kawaida fundi angemwambia aiache, aje kesho, ili apate muda wa kuipapasa kwa vidole peke yake. Leo alimwekea mkewe stuli karibu na spika.

"Mwalimu, mimi siku hizi sisikii vizuri," alisema. "Mikono ni ileile. Atakayesikiliza ni huyu."

Mwalimu wa kwaya akatazama mlango, akawatazama wawili hao, akatazama tena mlango. Kisha akajitafutia kiti.

Fundi akawasha muziki. Mkewe akainama mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika, akasema neno akiwa amempa mgongo; fundi aliona taya tu likicheza. Kwa mwaka na nusu, hapo ndipo fundi alipokuwa akitikisa kichwa na kuitikia ndiyo.

"Sijasikia," alisema. "Geuka, uniambie tena."