Nywele za Mwanaamina

Mwanzoni walicheka. Mwanaamina alikuwa amekaa kibarazani kwao Magomeni, jirani na Mikindani, akichambua mchele, mara nyama ya bega lake ikaanza kucheza yenyewe chini ya ngozi, kama kifaranga ndani ya yai.

"Bwana, njoo uone! Bega linanicheza. Kwetu, bega likicheza, umpendaye yuko njiani."

"Basi ni Somoe huyo," Iddi, mumewe, alisema. "Leo tutakula pweza."

Kubahatisha huko hakukuhitaji akili. Ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi Somoe alikuja na basi kutoka Mikindani kumsuka mdogo wake. Wakishaanza kusukana, Iddi alifukuzwa uani, maana umbea wao haukutaka masikio ya mwanamume. Wakimaliza, Somoe aliokota mkekani nywele zote zilizodondoka, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuzifukia kwake. Mama yao aliwafundisha hivyo: nywele za mwanamke haziachwi zikapeperuka ovyo, mtu mbaya asije akazichezea.

Bega halikuacha. Paja nalo likaanza kucheza, kisha mkono. Mwiko ukawa unamponyoka, ndoo ikamshinda. Siku aliyomwaga sufuria nzima ya mchuzi, Iddi alimfokea, "Mikono yako imelewa?" Baada ya muda hakuweza hata kuinua chanuo likafika kichwani.

Iddi alikuwa mpakiaji mizigo bandarini, mtu asiyeweza kulala na swali. Wenzake wakamwelekeza kwa mganga mmoja, mbele ya kijiji cha Naliendele. Mganga aliuliza jambo moja tu: "Nywele zake huzichukua nani?"

Iddi alikuwa na jibu kabla mganga hajamaliza kukohoa.

Alhamisi akasimama mlangoni. "Shemeji, humu huingii. Zirudishe nywele za mke wangu."

"Nizirudishe?" Somoe alimkodolea macho. "Nimezifukia, Iddi. Unajua siku zote nazifukia."

"Ndiyo. Umezifukia, na yeye anakwisha."

Ndani, Mwanaamina alilia akimwita dada yake, lakini miguu ilikataa kumwinua. Somoe aliweka kizingitini kifurushi cha pweza mkavu, akarudi kupanda basi. Iddi, kwa hasira zake, akakitupia mbwa.

Hali ikazidi kuwa mbaya, Somoe akiwa hayupo. Hilo peke yake lingetosha kumfungua mtu macho. Hatimaye Iddi akampeleka hospitali. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa unachezacheza vilevile, kama bega. Daktari akamvuta Iddi pembeni.

"Mishipa inayoupa mwili nguvu inakufa, bwana Iddi. Kwa nini, sijui. Na dawa yake hatuna."

"Nani kamfanyia?"

"Hakuna aliyemfanyia. Hakuna mtu."

Siku ileile Iddi angeweza kupanda basi kwenda Mikindani. Si mbali, mtu huondoka baada ya chai akarudi kabla ya adhuhuri. Na Mwanaamina alimwomba, kwa ulimi uliokuwa umeshakuwa mzito: "Dada... niitie dada."

"Ijumaa nitakwenda," Iddi alisema.

Ijumaa kukawa na meli ya korosho. Ijumaa iliyofuata akasingizia homa. Ukweli ni kwamba aliona haya. Kila asubuhi akienda kazini alijisemea maneno ya kuomba radhi, akayapanga, akayapangua, na kila jioni alirudi nayo nyumbani. Nywele za mkewe zikasongamana chini ya kanga, kwa kuwa Mwanaamina aligoma kuguswa kichwa na jirani yeyote. Jioni moja bega lilicheza sana. Mwanaamina akalitazama, kisha akageuza macho mlangoni, akakaa hivyo mpaka taa ikawashwa. Iddi alijua anayengojewa ni nani. Akajifanya anatengeneza utambi.

Asubuhi aliyofariki Mwanaamina, habari zilifika Mikindani kwa vinywa vya wengine. Somoe akaja, hakumsalimu mtu, akaingia nyuma ya pazia na wanawake waoshaji. Iddi alikaa nje na wanaume, akisikia maji yakimwagika. Kisha maji yakanyamaza. Alijua wamefika kwenye nywele: maiti ya mwanamke hufumuliwa, huchanwa, husukwa mikia mitatu. Akamsikia Somoe akizungumza taratibu na mdogo wake, akimpa habari za Mikindani, nani kaolewa, nani kagombana na nani, kama Alhamisi yoyote.

Baadaye pazia likafunuliwa. Somoe alishika kipande cha sanda kilichokunjwa.

"Hizi zimetoka kwenye chanuo, zinakwenda naye kaburini. Lakini tazama kwanza, shemeji, kama zimetimia. Usije ukasema nimeondoka nazo."

Iddi alikipokea kwa mikono miwili. Maneno yote aliyoyapanga yalimjaa kinywani, na hata moja halikutoka. Somoe alimngojea. Kisha akakitwaa kile kitambaa mikononi mwa Iddi, polepole, akarudi ndani kwa mdogo wake.